Kaseti Yenye Mdomo

Kahama,
Jumamosi mchana.

Kwa Baba,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia hata kabla barua haijapita Tabora, ile unayoitoa ukiwa na pini mdomoni, nusu yake ikibaki kwenye meno. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa vumbi kimetulia, na mvua za kwanza zimeshaanguka. Huko Kilosa mnaendeleaje? Goti la Mama linaamkaje siku hizi? Na mto umekaa kwenye kingo zake, au umeshaanza tena kuwatembelea majirani?

Kabla sijaendelea nina neno kwa mdogo wangu Saada. Saada, kama ni wewe unayeisoma barua hii, ishia hapa kwanza. Subiri wateja waondoke barazani, mwache Mama na shughuli zake, uende na Baba chumba cha nyuma mkae wawili tu. Ndipo uendelee. Na kama ni wewe mwenyewe unayesoma, Baba, kwa macho yako, basi nimekosea, na sijawahi kutamani kukosea kama ninavyotamani leo.

Maana barua hii ni ya macho yako. Nitafika huko, ila sijui njia ya mkato. Inabidi nipitie kwa mama mwenye nyumba wangu.

Nilishakuandikia kwamba nimepanga chumba cha uani, nyuma ya duka la vipuri la Bwana Hasmukh, si mbali na shule ninayofundisha. Sikukwambia kwamba nyumba ni ya mama yake. Wahindi wenzake wanamwita Ba, yaani mama, na mji umeiga. Wachimbaji wa Kisukuma wanamwita Mayu, ambalo kwao ni neno lile lile. Ni mjane mfupi, mwenye sari nyeupe na ndala za mpira, na sauti yake inatosha kumsimamisha mtu aliyekwisha fika barabarani.

Kwenye kona ya duka kuna meza yake, na juu ya meza kuna mizani ndogo ya kupimia dhahabu, yenye visahani viwili na sindano katikati. Wachimbaji wanakuja kutoka Segese na vijiji vya huko na dhahabu yao imefungwa kwenye kipande cha nailoni. Kwa wanunuzi wengine mizani humtazama mnunuzi, na muuzaji anaambiwa tu uzito wake. Kwa Ba ni kinyume. Anaigeuza imtazame muuzaji, anakunja mikono, anasema, "Soma wewe kwanza." Muuzaji anasoma. Ba ananyamaza kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi, halafu anasema "Haya," au anasema "Soma tena." Mtu akiambiwa asome tena, mara nyingi uzito wa pili unakuwa mdogo kuliko wa kwanza.

Sifa za jambo hilo zimefika mbali. Yupo mchimbaji mmoja wa makamo anayeitwa Masanja, mwenye duara lake, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu. Siku moja alinikuta nje ya duka akaniambia, "Mwalimu, wanunuzi wengine wanachukua dhahabu na heshima. Mayu anachukua dhahabu tu." Nililipenda neno hilo. Nililibeba hadi darasani, nikawaambia wanafunzi wangu kwamba mizani inayomtazama muuzaji ni somo zima la uadilifu. Sikujua nasema nini.

Ba alikuwa na kitu kingine. Mwanawe mdogo, Kishor, anaishi Uingereza, na alipokuja kuwasalimia alimwachia mchezo wa kielektroniki wa kushika mkononi. Umbo lake ni kama mche wa sabuni uliokatwa nusu. Una kioo kidogo cha kijani kilichofifia kama maji ya dimbwi, na hakina taa, kwa hiyo lazima ukae kwenye mwanga ndipo uone kitu. Ndani yake vitofali vinadondoka kutoka juu, nawe unavigeuza na kuvipanga chini visiache nafasi. Mstari ukijaa unafutika. Usipojaa, vinarundikana mpaka vinafika juu na mchezo unakwisha kwa mlio wa kusikitisha. Huo ndio mchezo ambao bibi wa umri wa mama yako alikuwa akiucheza kila alasiri kwenye ngazi za uani, betri akizichukua dukani kwake mwenyewe, na mkwewe Nirmala akimtania, "Ba, kitunguu kinaungua na wewe unajenga ghorofa."

Nilipokuwa nasahihisha madaftari mlangoni kwangu aliniita. "Mwalimu, miwani nimeiacha ndani. Hapa namba ngapi?" Nilimsomea. "Ah," alisema, "leo mkono mzito." Siku nyingine tena miwani imebaki ndani, na mkono mzito. Niliusikia ule mlio wa mwisho ukirudi upesi mno, karibu kila mara muziki unapoanza, na mimi ni mwalimu wa hesabu, nikisikia kitu kinajirudia nakifuata. Kwa hiyo nilihisi. Lakini yule ni mtu mzima na kile kilikuwa kiganjani mwake. Unanijua, Baba. Mimi pia mambo yangu huyaweka kiganjani, na sipendi mtu achungulie.

Kiangazi kilipokuwa kikali, Kishor alituma mzigo kwa mkono wa ndugu yao aliyekuwa anakuja. Ndani yake mlikuwa na mashine ya michezo ya kuunganisha na televisheni, na kitu kingine ambacho sikuwahi kukiona. Kimeumbwa kama kaseti ya ile mashine, yaani kile kipande kinachobeba mchezo, ila juu kina mdomo. Unachukua kaseti ndogo ya mchezo wa mkononi, unaipachika kwenye mdomo huo, halafu kile kitu chenyewe unakipachika kwenye mashine, na mchezo uliokuwa kiganjani unatokea kwenye televisheni. Bwana Hasmukh anaiita adapta. Alishinda nayo kutwa, akiipachika na kuichomoa, mtu mwenye mvi na duka lake, kama amepewa baiskeli.

"Mama," alimwambia, "hutakaza macho tena. Vitofali vyenyewe vitakuwa kama bakuli."

"Rudisha," Ba alisema.

"Nirudishe wapi? Imetoka Uingereza."

"Mchezo wa mkononi ukae mkononi. Televisheni ni ya watu wote."

"Ndio uzuri wake, Mama."

Hasmukh alidhani ni ubishi wa kawaida wa mama yake, ambaye hata friji aliigomea mwaka mzima. Mimi nilikuwa naanua nguo uani, nikauona uso wake Ba. Haukuwa uso wa ubishi. Ulikuwa kama uso wa mwanafunzi anayeitwa ubaoni.

Jumapili duka limefungwa, Hasmukh akawasha jenereta. Hapa televisheni haishiki kituo chochote, ni ya kutazamia kanda za sinema za Kihindi tu, kwa hiyo ikiwashwa ni shughuli. Nirmala aliniita sebuleni. Masanja naye alikuwepo. Alikuwa ameleta choroko za shamba lake, zawadi kwa Ba, na Hasmukh akamwambia, "Kaa, kaka, uone maajabu." Akakaa kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini.

Picha ilipotokea wote tuliguna. Vitofali ambavyo kiganjani ni vya kijivu vilikuwa vimepakwa rangi, na pembeni pote pana urembo, kama fremu ya picha ya harusi. Ba alikalishwa katikati ya kochi, akapewa kidude cha kubonyezea chenye waya. "Leo tumwone huyo bingwa," Nirmala alisema, na muziki ukaanza.

Kitofali cha kwanza kilishuka katikati. Cha pili kikatua juu yake. Ba alibonyeza kwa nguvu, mabega yakienda huku na huku, lakini uso wake haukuielekea televisheni sawasawa. Ulielekea pembeni kidogo, kwenye pazia.

"Kulia, Mama," Hasmukh alisema. "Pana nafasi kulia."

Kikaenda kushoto.

"Kulia, Mama."

Mnara ulipanda katikati ya kioo, pande zote mbili patupu, mpaka ukafika juu. Ukasikika ule mlio. Ba aliweka kidude pajani akasema, "Leo mkono mzito."

Ilikuwa sentensi ile ile ya kwenye ngazi, Baba, lakini safari hii palikuwa na kioo cha kuikanusha na watu wa kukiona. Sikujua nitazame wapi. Hasmukh alichuchumaa mbele ya mama yake. Aliuliza taratibu, kama anayeongea na mtoto aliyelala.

"Mama, shati langu la rangi gani?"

"Lile lako la siku zote."

Alikuwa amevaa jipya, jekundu, lililokuja kwenye ule mzigo.

Masanja ndiye aliyejibu. "Bosi, usimsumbue mama. Sisi tunajua tangu masika."

"Mnajua nini?"

"Kwamba Mayu hasomi mizani. Anatusoma sisi."

Hasmukh aligeuka. "Na nyinyi mnasoma kweli?"

"Wengine," Masanja alisema. "Asiyesoma kweli anaambiwa asome tena."

"Wewe mwenyewe mara mbili," Ba alisema, akilielekea pazia.

"Mara moja, Mayu. Ile ya pili nilikuwa nimetoka shimoni, nina usingizi."

Nirmala alicheka kwanza, kisha akaanza kulia huku bado anacheka. Mimi nilikuwa nawaza juu ya somo langu la uadilifu. Mizani ile haikugeuzwa ili muuzaji atendewe haki. Iligeuzwa kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa haoni na hakutaka ijulikane. Na bado haki ilitendeka. Mpaka leo sijui nifundishe nini hapo.

Hasmukh alisimama. "Nampigia simu Kishor. Utakwenda kutibiwa Uingereza."

"Ndiyo maana sikusema," Ba alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Dada yangu walimpeleka kutibiwa mguu. Mguu ulipona. Yuko huko mpaka sasa, anatazama mvua dirishani. Nani aliyepelekwa akarudi? Nitajie mmoja."

"Ukikaa utakuwa kipofu."

"Nitakuwa kipofu nyumbani kwangu. Choo najua kilipo, duka najua lilipo. Kule nitakuwa kipofu wa wageni."

Kumbe hilo ndilo alilokuwa analilinda. Hakuogopa giza, aliogopa kuondolewa kwenye meza yake, na kila mwezi aliokaa kimya macho yalizidi kufifia. Mama na mwana kila mmoja alikuwa na haki yake, na nikajiona nafungua mdomo, mimi ambaye kwenye nyumba za watu huwa siingizi neno.

"Ba, ni ukungu? Kama unatazama kupitia nailoni?"

"Nailoni," alisema. "Nailoni yenye mafuta."

"Huo huenda ni mtoto wa jicho. Mama wa mwanafunzi wangu alikuwa nao. Alitolewa Mwanza, sasa anachambua mchele mwenyewe."

"Mwanza?"

"Mwanza, Ba."

"Mwanza mtu anakwenda na kurudi?"

"Mimi huenda kununua chaki na kurudi," nilisema, na Masanja akacheka kwa sauti.

Ba alisema tu wamsogezee kiti. Walimsogezea mpaka pua yake ikakaribia kugusa televisheni. Aliweka kiganja kwenye kioo. "Hapa pana chekundu?" "Ndiyo, Ba." "Na hapa ni kama manjano." "Ndiyo." Akaomba muziki uanze tena. Alicheza vile, paji la uso likipigwa na ule mwanga, akinong'ona kwa Kigujarati, na baada ya muda mrefu mstari mmoja ukajaa, ukafutika. Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani sote tuliona kwamba si jambo la kupigiwa makofi.

Nilikwenda naye Mwanza wakati wa likizo, mimi na Nirmala. Walisafisha jicho moja kwanza. Kitambaa kilipofunguliwa alitazama dirisha, akatazama viganja vyake mbele na nyuma, akanitazama mimi.

"Wewe nani?"

"Mimi Mwalimu, Ba."

"Mdogo hivi? Kwa sauti yako nilidhani nimempangisha mtu mzima."

Tuliporudi Kahama alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake. Hasmukh alisimama nyuma ya kaunta akijifanya anapanga mikanda ya feni, nami nilijifanya nanunua msumari. Mchimbaji wa kwanza aliingia, kijana nisiyemjua. Ba aliivuta mizani karibu, akaitazama vizuri, akaipangusa vumbi kwa ncha ya sari. Halafu akaigeuza imtazame yule kijana, akakunja mikono.

"Soma wewe kwanza."

Jioni nilimuuliza kwa nini, maana sasa anaona. Alinijibu akiwa anachambua dengu, haraka haraka, kwa fahari. "Nilipokuwa sioni walinisomea. Sasa nimepona, niwanyang'anye?"

Mchezo alicheza tena kiganjani, alasiri moja, akauona vizuri, akasema kumbe ni wa kijinga. Adapta iko chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nirmala ndiye anayecheza sasa, na vitunguu vinaungua kama kawaida.

Sasa nimefika, Baba.

Gauni la kitenge ulilonishonea kwa ajili ya Idi nalipenda, nimelivaa shuleni na watu wameliulizia. Lakini baada ya ile Jumapili nililichukua nikalisogeza dirishani. Pindo la chini linakwenda sawa mpaka linapokutana na mshono wa kushoto, halafu linaacha njia. Sindano imetembea nje ya kitambaa, ikarudi, ikatoka tena. Mwanzoni nilisema ni mkanda wa cherehani umelegea. Lakini wewe ndiye uliyewahi kufumua suruali ya mkuu wa stesheni, mwenyewe ameshairidhia na kuivaa, kwa sababu ya mshono mmoja ambao hakuna mwingine aliyeuona.

Nilipokuja likizo ya mwisho ulikuwa unampa Saada atunge uzi kwenye sindano. Ulisema unamfundisha kazi. Ukampa na chaki, achore yeye, wewe ukate. Nikafurahi nikasema Baba amebadilika, sasa anamwamini mtoto wa kike na kitambaa cha mteja. Kumbe naye alikuwa anaambiwa asome yeye kwanza. Barua zako zinakuja kwa mwandiko wake tangu wakati huo, na kila mara mkono wako unauma. Mkono, Baba. Ba naye ulikuwa mkono.

Najua unachokilinda. Fundi anayesemwa macho yamekwenda hapelekewi tena kitambaa cha harusi, anapelekewa mashuka ya kukunja pindo, kisha hapelekewi chochote. Sikulaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile, na huenda ningekuwa mjanja kuliko wewe. Ndiyo maana sikumwandikia Mama, wala mjomba, wala sikupiga simu pale posta ukaitwa mbele za watu. Hasmukh alimwekea mama yake televisheni sebuleni kwa sababu alimpenda na hakujua. Mimi najua. Kwangu ingekuwa ukatili.

Lakini jicho linaloachwa halisubiri. Treni ya Mwanza inapita hapo Kilosa, na kwenye stesheni ya Isaka, iliyo karibu na Kahama, nitakuwepo nikupokee. Kwa watu sema unakuja kumwona mwanao, nayo itakuwa kweli. Madaktari wa Mwanza nimeshawaona kwa macho yangu. Huenda wako si mtoto wa jicho, huenda ni kitu kingine na watasema hakitoki. Hilo nalo nimeliwaza. Basi tutalijua tukiwa wawili, na utarudi kwenye cherehani yako ukiwa na hakika badala ya hofu. Ba amesema utalala chumba cha mbele. Ameuliza pia kama unakula pilipili.

Nisalimie Mama, umwambie majani ya goti aendelee nayo. Nisalimie shangazi Mwajuma, dada yako mkubwa, ambaye najua atauliza nimepata mchumba. Mjibu kwamba nimepata wanafunzi. Nisalimie mjomba Ramadhani, kaka yake Mama, na baiskeli yake. Jirani yetu bibi wa maandazi mpe shikamoo ya peke yake, sauti ipande, maana yeye shida yake ni masikio.

Na Saada, ahsante kwa kusoma. Kama umelia, futa uso kabla hujatoka nje. Kazi yako imebaki moja. Kwenye bahasha kuna karatasi ya pili. Ina neno moja tu, nimeliandika kwa wino mweusi, herufi zenye kimo cha kidole. Usilisome kwa sauti. Mpe Baba mkononi, akae nalo dirishani, wewe utoke.

Baba, ukiliona, lifuate. Usipoliona, mwite Saada umuulize limeandikwa nini, na kuuliza huko kutakuwa ndiko kuanza safari.

Ni mimi mwanao,
Zuhura



NJOO